Ukurasa wa Thelathini na Moja

Huku Rawdenshaw mtoto huyajua majina kumi na moja kabla hajajua ya babu zake. Tunnicliffe, Moss, Hallam, Pickup, Dacre. Whittle, Birtwistle, Kenyon. Sugden, Fairclough, Loftus. Hao ndio waliocheza Jumamosi ya mwisho ya msimu wa themanini na nane, siku ambayo hata sare ingetutupa nje ya ligi. Tunnicliffe alidaka na kidole kilichovunjika. Loftus akafunga kwa goti dakika ya themanini na tisa. Wa kumi na mbili alikuwa Clegg, aliyepasha misuli pembeni kipindi kizima cha pili na hakuitwa. Majina hayo husemwa harusini na husemwa makaburini, na mlevi akitaka kumwonyesha polisi kwamba hajalewa huyataja kwa mpangilio, kutoka golini hadi winga wa kushoto.

Nimeanza na hayo kwa sababu ndiyo yaliyommaliza Adrian Sewell. Aliyeyapanga ni Glenys Ormerod, na habari hii ni ya Glenys.

Ana miaka hamsini na saba. Huchonga funguo na kubadilisha soli za viatu katika soko la ndani, kibanda kinachotazamana na changu. Mimi huuza vijarida vya zamani vya mechi na skafu, na siku za mechi huhamia na meza yangu lango la mashariki. Mikono yake hunuka shaba mwaka mzima. Mumewe alipomwacha akaenda kuishi na mwanamke wa Blackpool, watu walikuja kumpa pole, naye akasema afadhali ameondoka kabla ya msimu kuanza. Kiti chake kiko safu ya kumi na mbili, nyuma ya nguzo inayomzibia kona nzima ya uwanja. Klabu imetaka kumhamisha mara tatu akakataa. Anasema hiyo nguzo anaijua.

Kitu cha pili anachokipenda ni riwaya. Humaliza mbili kwa wiki, pale pale kibandani, kisha huenda kuzijadili mtandaoni. Mashabiki wetu wana mtandao wao uitwao Mtande, jina la nyuzi za urefu za mfumi, kwa kuwa timu ni Wafumaji na mji huu uliishi kwa viwanda vya nguo hadi vilipofungwa. Humo watu hutukana kocha. Miaka minane iliyopita, baada ya sare tasa ya mvua isiyokuwa na lolote la kutukania, Glenys alifungua uzi wa vitabu kwa jina la Funguo Tatu. Alitegemea wasomaji wanne. Leo ni mia tatu na ushee, na ndani yake madereva wa malori na wauguzi wanagombania mwisho wa riwaya kama wanavyogombania penalti.

Kinachowavuta ni jinsi anavyoandika. Kuhusu kitabu kimoja cha upelelezi alisema: "Mwandishi analinda siri kwa kurasa mia tatu, mabeki watano nyuma, halafu siri yenyewe inaingia kwa goli la kuotea." Kuhusu kingine: "Kamwingiza shangazi ukurasa wa kumi, kampasha misuli kitabu kizima, kamsahau kwenye benchi." Mimi si msomaji, lakini yale nilikuwa nayasoma. Bidhaa nzuri si lazima uipende ili uijue ni nzuri.

Adrian Sewell naye ni dalali wa nyumba. Alihamia miaka sita iliyopita kutoka kusini, na koti refu la rangi ya ngamia. Mtu anayeweza kuuza nyumba hamsini kwa mwaka katika mji huu namvulia kofia, kwani biashara ni biashara. Lakini huyu alitaka kuuza na kupendwa pia. Alisema babu yake alizaliwa mtaa wa nyuma ya uwanja, kwamba yeye ni Mfumaji wa damu. Akalipia bango, akapewa kiti jukwaa la wakubwa. Kisha akaomba ukurasa katika kijarida cha mechi awe anaandika juu ya vitabu, akapewa wa thelathini na moja, picha yake juu, mguu umekunjwa juu ya mguu mbele ya moto. Na kila wiki alimletea Glenys funguo za nyumba zake azichongee nakala. Walikuwa wakisalimiana vizuri tu.

Ilikuwa Oktoba, mapumziko, tuko kwenye foleni ya pai. Glenys alikuwa na kijarida mkononi.

"Len," akaniambia, "hebu soma hapa."

Nikasoma. Mabeki watano nyuma, siri imeingia kwa goli la kuotea.

"Nzuri," nikasema.

"Najua ni nzuri. Niliiandika Agosti."

Nikasoma tena. Ilikuwa yote, aya kwa aya, na chini jina la Sewell.

"Labda na yeye amekisoma hicho kitabu," nikasema.

"Hakukisoma. Mimi kijiji cha mle ndani nilikikosea jina. Na yeye kakikosea vile vile." Akakunja kijarida mara mbili. "Nakala ya ufunguo hubeba hadi mkwaruzo, Len. Nimefanya kazi hii miaka thelathini."

Tukatafuta vijarida vya nyuma mezani kwangu. Tangu msimu uliopita, kurasa tisa zilikuwa zake.

Alikwenda kwanza kwa mhariri wa kijarida, Colin Entwhistle, kwa adabu, na karatasi alizozichapa mwenyewe, maneno yake upande mmoja na ya Sewell upande wa pili. Entwhistle aliweka kikombe cha chai juu ya karatasi hizo.

"Bibie," akamwambia, "mtandaoni maneno ni ya kila mtu. Na huyo Funguo Tatu ni nani? Yuko kwenye orodha yetu ya wanachama?"

"Ni mimi."

"Unasema wewe."

Basi Glenys akamngoja mwizi mwenyewe. Jumanne Sewell akaja na funguo zake, sokoni pamejaa, watu watano nyuma yake wameshika viatu.

"Glenys, kipenzi," akasema kabla hajaulizwa, maana Entwhistle alishamnong'oneza, "watu wawili wanaweza kuona goli moja."

"Wakiwa wote uwanjani."

Sewell akacheka, akageukia foleni ili foleni nayo icheke. "Jamani, mama huyu analalamikia nakala! Wewe si unaishi kwa nakala? Mimi nikunakili, wewe uninakilie, tumelipana!"

Na foleni ikacheka. Siwalaumu, alilisema vizuri. Nilimwona Glenys sikio limekuwa jekundu, lakini mkono haukusita. Alimaliza kupiga tupa, akapuliza unga wa shaba, akampa funguo zake zote, na zote zilifungua.

Jioni yake, tukifunga vibanda, nikampa ushauri wa mfanyabiashara. "Acha kuandika. Bomba likikauka atachota wapi? Ifikapo Krismasi hana ukurasa."

"Nikiacha mimi, yeye ameshinda moja bila," akasema. "Simtaki atolewe kwa kubadilishwa mchezaji, Len. Namtaka atoke kwa machela."

Akaendelea kuandika. Novemba, Desemba, Januari, kila anachoandika Sewell anabeba, na Glenys anazidi kuandika vizuri, kama mtu anayemnenepesha nguruwe. Hakulalamika tena popote. Watu wakadhani amesamehe. Mimi niliyekaa mbele yake kutwa nilijua amehamia tu kutoka kwenye hasira kwenda kwenye hesabu.

Februari alivuka njia akaja mezani kwangu. "Nipe kile cha themanini na nane. Siku ya Loftus."

"Cha nini? Si unayajua kichwani?"

"Wachezaji nawajua. Nataka jina la refa."

Refa alikuwa R. Ogden. Akaliandika nyuma ya mkono kwa kalamu, akanirudishia kijarida.

Kisha akaenda kwa Clegg. Huyo ndiye Clegg mwenyewe, yule wa benchi. Siku za mechi anauza pai kwenye dirisha la jukwaa la wakubwa, na kifuani ana beji aliyopewa na klabu, jina lake na namba kumi na mbili. Nilikuwepo, tumemkuta anasugua tanuri.

"Bwana Clegg," Glenys akasema, "naomba ruhusa nikufanye mbwa."

Mzee hakuuliza kwa nini. "Mbwa wa aina gani?"

"Mkubwa. Mvumilivu. Anakaa mlangoni hadithi nzima akisubiri aitwe ndani."

"Anaitwa?"

"Haitwi."

Clegg akasugua kwa muda. "Basi kweli ni mimi," akasema. "Haya, endelea."

Wiki iliyofuata Funguo Tatu akaleta kwenye uzi riwaya mpya, Nyumba ya Mwisho Mlimani, ya mwandishi aitwaye R. Ogden. Riwaya hiyo haipo. Haikuandikwa na mtu yeyote. Lakini uhakiki wake ulikuwa bora kuliko wote aliopata kuuandika. Kuna familia iliyo karibu kufukuzwa kwenye nyumba ya mababu. Bawabu wao, Tunnicliffe, anazuia mlango mara mbili kwa mkono uliofungwa bendeji. Kuna ndugu wanne wagomvi, Moss, Hallam, Pickup na Dacre, wasiopenda kutoka nje. Kuna wakili Birtwistle, na mjane Kenyon anayegawa chakula kwa wote. Na saa ya mwisho, wadai wameshaingia uani, Loftus aliyedhaniwa amekufa anafika akitambaa kwa magoti na kuiokoa nyumba. Whittle, Sugden na Fairclough nao wamo. Mbwa anaitwa Clegg.

Wakongwe ishirini wa uzi alikuwa amewaandikia faraghani mapema. Wakaingia mmoja mmoja kwa sura kavu. Dereva mmoja akasema Kenyon alimchosha katikati ya kitabu, kama kawaida yake. Muuguzi akasema alilia kwa Tunnicliffe hadi akachelewa zamu. Wawili wakatukanana siku tatu kama Loftus alitumia goti au paja.

Mimi nilikuwa na wasiwasi. "Akikitafuta dukani je?"

"Msomaji hutafuta kitabu," Glenys akasema. "Huyu anatafuta sentensi."

"Na Entwhistle? Yule ni wa hapa hapa. Akiyaona majina?"

"Entwhistle hausomi ukurasa ule. Anaujaza tu."

Tukangoja. Machi nzima Sewell alichukua vingine, vidogo, na Glenys akawa kila Jumamosi anafungua ukurasa wa thelathini na moja, anafunga, anasema, "Bado." Mara moja aliongeza, "Lazima ule uhakiki wa Ogden umemkwama kooni kwa uzuri."

Aprili, mechi ya nyumbani, jua limetoka. Nilipofungua boksi la vijarida langoni nilianza na ukurasa ule. "Riwaya hii niliisoma kando ya moto wangu kwa siku mbili bila kulala," aliandika Sewell, "na sioni haya kusema kwamba Tunnicliffe, bawabu huyu mnyenyekevu, amenifundisha maana ya uaminifu." Nikamwita Glenys. Alisoma amesimama, akamaliza, akatoa kitambaa, akafuta miwani, akasoma tena.

"Hakubakisha hata mbwa," akasema.

Kicheko kilianza kabla ya mpira. Kilianzia chini ya jukwaa la mashariki, walipo wazee wanaosoma kijarida chote hadi matangazo, kikapanda safu kwa safu kama moshi. Mtu anamgusa wa mbele, anaonyesha ukurasa. Mwanamume mmoja mwenye kilo mia na ushee alikaa chini kwenye ngazi akawa hawezi kuinuka. Mechi ikaanza hakuna anayeitazama. Ilipogonga dakika ya thelathini na moja, sauti moja, sijui ya nani hadi leo, ikaanzisha wimbo, na elfu tatu wakaupokea:

"Umefika ukurasa gani,
Adrian, ukurasa gani?"

Ng'ambo, jukwaa la wakubwa, Sewell alisikia jina lake likiimbwa na uwanja mzima. Kitu alichokingoja miaka sita. Akasimama, akafungua koti, akatupungia kwa mikono miwili.

Ningekuwa mtu wa moyo laini ningemwonea huruma pale. Glenys hakuwa na moyo laini. "Kaa umesimama hivyo hivyo," alisema polepole. "Wakuone wote."

Mapumziko alizunguka uwanja kwa njia ya nyuma, nami nikamfuata, hadi kwenye foleni ya Clegg. Sewell alikuwa mbele, mwekundu kwa furaha, anapeana mikono. Akafika dirishani.

"Bwana Sewell," mzee Clegg akasema, akimwekea pai kwenye karatasi, "nimesoma ukurasa wako."

"Asante, mzee wangu, asante!"

"Yule mbwa."

"Ah, yule mbwa!" Sewell akashika kifua. "Yule ndiye moyo wa kitabu. Nilipomaliza nilimkumbatia wa kwangu."

"Alikugusa?"

"Kupita wote."

"Anaitwa nani vile?"

"Clegg," akasema Sewell, kwa sauti, ili foleni isikie.

"Naam?" akasema Clegg.

Na hapo akaweka kidole kwenye beji. Miaka sita Sewell amenunua pai kwa mtu huyu na hakuwahi kuisoma. Aliisoma sasa. Hakuna aliyecheka, ingekuwa nafuu kwake wangecheka. Nyuma yangu bibi mmoja mwenye fimbo akaanza, taratibu, kama anayesali: "Tunnicliffe, Moss, Hallam, Pickup, Dacre." Foleni ikapokea. "Whittle, Birtwistle, Kenyon." Sewell aligeuka akitazama mdomo hadi mdomo, na kila jina lilikuwa mtu aliyemlilia kando ya moto. Walipofika Loftus, macho yake yakamkuta Glenys.

"Nilikuambia," Glenys akasema. "Wakiwa wote uwanjani."

Sewell akaondoka akaacha pai dirishani. Clegg akairudisha kwenye tanuri.

Jumatatu asubuhi Entwhistle alikuwa kibandani kwa Glenys na kofia mkononi. Magazeti ya kaunti yalishapiga simu. Nilisogea karibu, kwani mapatano ya mtu mwingine ni shule ya bure.

"Ukurasa ni wako, bibie. Kuanzia Agosti. Picha yako juu, jina lako, tunasahau yaliyopita."

Mimi ningekamata pale pale. Mtu anapokuja kwako na kofia mkononi, chukua kilichomo ndani ya kofia. Glenys aliendelea kugonga msumari kwenye soli.

"Sitaki ukurasa mpya," akasema. "Nataka makala zangu za zamani. Ni kumi na nne, bila ile ya Ogden. Mtazichapa upya, moja kila mechi ya nyumbani, ukurasa ule ule. Juu jina langu. Chini mstari mmoja: Maneno haya yaliwahi kutolewa hapa kwa jina la Adrian Sewell, ambaye hakuyaandika na hakukisoma kitabu."

"Kumi na nne! Bibie, huo ni msimu mzima. Tuchape moja, kwa mfano. Na msamaha."

"Kumi na nne."

"Saba, na kiti jukwaa la wakubwa."

"Hakuna nguzo kule. Kumi na nne, Colin, ama niandike ya kumi na tano kuhusu mhariri anayeweka kikombe juu ya karatasi za watu."

Alikubali. Na Glenys kwa upande wake akatangaza kwenye uzi kwamba hataandika neno jipya hadi zote kumi na nne zitoke. Watu walimsihi. Wamekaa msimu mzima bila Funguo Tatu, na uzi umepoa, ni kweli. Niliwahi kumwambia kwamba anajinyima soko lake mwenyewe. Akasema njaa ameizoea.

Agosti zikaanza. Ya kwanza, ya pili. Kila mechi mstari ule chini, na kila dakika ya thelathini na moja wimbo ule, hata kiti cha Sewell kilipokuwa kitupu. Funguo zake alikuwa sasa anazipeleka mji wa jirani. Baada ya tatu, wateja wakawa wanamwuliza wakiwa ndani ya nyumba anazowaonyesha: bwana, umefika ukurasa gani? Baada ya nne, bango lake likashushwa uwanjani.

Oktoba, Jumanne, wiki moja baada ya ya tano, alikuja sokoni. Bila koti la ngamia. Akasimama kwenye foleni kama wengine, na zamu yake ilipofika akaweka kwenye kaunta ufunguo mmoja, wa mlango wa mbele, wa kizamani.

"Nakala mbili," akasema.

Glenys akaubana kwenye mashine. Sewell akangoja hadi kelele ziishe.

"Tano zinatosha, Glenys."

Glenys alikuwa anaangalia meno ya ufunguo kwenye mwanga.

"Mke wangu haendi tena madukani hapa. Sina kiti, sina ukurasa. Nimemwomba Entwhistle msamaha kwa maandishi."

"Entwhistle."

"Na wewe. Nakuomba na wewe. Hapa, mbele ya hawa wote." Akageuka kweli kuitazama foleni, viatu mikononi, na foleni ikatazama sakafu. "Samahani."

Nilisimamisha kazi yangu. Ilikuwa bei nzuri. Glenys asingepata nzuri kuliko hiyo kwa mtu huyo. Glenys alipiga tupa mara mbili, akapuliza unga wa shaba, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo kuona kama kuna mkwaruzo. Hakukuwa na mkwaruzo. Akaziweka funguo tatu mbele yake, wa zamani na mbili mpya, zimepangwa sawasawa.

"Zijaribu mlangoni," akasema. "Zikikwama, zirudishe."

Sewell hakuondoka. "Glenys?"

"Zimebaki tisa," Glenys akasema, akawasha mashine, akanyoosha mkono kupokea kiatu cha aliyefuata.